Kabla Hujatoa Laki Sita

Minada ya korosho ikishaanza, Oktoba kuelekea Novemba, na malipo yakaanza kuingia kwenye akaunti za wakulima, mkoa wa Lindi unabadilika sura. Mabati mapya yanapanda juu ya nyumba, pikipiki zenye nailoni bado kwenye siti zinaonekana Nangurukuru, ada za shule zinalipwa kwa mkupuo. Siku hizi kwenye hesabu za vijana kimeongezeka kitu ambacho zamani hakikuwemo: saa ya kukimbilia. Mtu wa klabu ya jogging ameiona mkononi mwa mgeni ufukweni Jimbizi, au rafiki yake wa Dar es Salaam amemtumia picha ya ramani ya njia aliyokimbia, kilomita na dakika zimeandikwa chini yake. Anauliza: na mimi ninunue?

Swali hilo nalichukulia kwa uzito wote. Mtu anayefikiria kutoa pesa ya msimu kwa ajili ya mbio ameshaamua kwamba mwili wake ni mali, na pwani yetu inawahitaji watu wa namna hiyo kwa maelfu. Presha na kisukari havisubiri tena uzee. Tumekaa sana vibarazani, tumepanda sana bodaboda kwa safari ya dakika kumi za miguu, na tumezoea kuona kitambi kama dalili ya maisha mazuri. Kwa hiyo anayetaka kukimbia asikatishwe tamaa na mtu yeyote, wala asikatishwe tamaa na bei.

Bei yenyewe ni hii. Kati ya saa za mbio za daraja la kati ambazo wakimbiaji huzitaja sana ipo Coros Pace 3, iliyotoka mwaka 2023 kwa dola 229, na Garmin Forerunner 165, iliyotoka mwanzoni mwa 2024 kwa dola 250. Ukihesabu dola moja kwa shilingi 2,500, hiyo ya pili ni shilingi 625,000, na hapo hujalipa usafiri, ushuru wala faida ya muuzaji. Ndugu yake mkubwa, Forerunner 265, alianza kuuzwa kwa dola 450, yaani zaidi ya milioni moja na laki moja. Watu wa Kilwa walifanya biashara ya dhahabu ya Sofala na wakafua sarafu zao za shaba karne nyingi kabla Mreno hajauteka mji huu mwaka 1505. Kuuliza kitu kitarudisha nini kabla ya kukilipia ni urithi wetu, na hapa ndipo pa kuutumia.

Msimamo wangu nauweka mbele ili usinisome kwa kubahatisha. Saa hizi ni nzuri, zinafanya kazi zilizoahidi, na mkimbiaji aliyefikia kuzihitaji akinunua moja hajapoteza pesa. Ila alfajiri haiuzwi dukani. Kama hujawahi kukimbia msimu mzima wa kaskazi na joto lake, siku tatu kwa wiki, ukiwa na raba zako na pumzi zako tu, bado hujajua unataka saa ikufanyie nini. Amka kwanza. Kimbia kwanza. Saa itakusubiri, na kwa kawaida modeli ikikaa sokoni mwaka mmoja au miwili bei yake hushuka.

Na usiseme huna pa kuanzia. Tuliosoma shule za msingi za nchi hii tulikimbia kabla hatujajua kugawanya. Mchakamchaka! Mistari miwili, vumbi la alfajiri, kiongozi wa wimbo mbele na shule nzima ikiitikia. Wimbo ule ulitutia moyo, lakini ulikuwa pia kipimo, na kipimo chenyewe ni kikali. Walimu wa riadha wa leo wanafundisha kwamba mwendo unaojenga pumzi na kuimarisha moyo ni ule unaomruhusu mtu kuongea sentensi nzima bila kukatika. Akishindwa kuongea, amevuka mpaka, ameingia mwendo mkali. Basi anayeitikia wimbo akiwa anakimbia yuko palepale moyo unapotakiwa kuwa. Anayenyamaza ghafla, kiongozi anajua mwendo umezidi, anapunguza. Stephen Seiler, mtafiti Mmarekani anayefanya kazi Norway, aliwachunguza wanamichezo wakubwa wa mbio ndefu, baiskeli na kuteleza thelujini, akakuta takriban asilimia 80 ya vipindi vyao vya mazoezi hufanywa kwa mwendo mwepesi. Wengi wetu tunafanya kinyume: tunatoka kwa fujo, tunafika mita mia tano tumeshika viuno, wiki ya pili tumeacha. Mtu huyo saa ya laki sita haimwokoi. Wimbo unamwokoa. Tafuta wenzako watatu, kimbieni mkiimba, na yule anayeshindwa kuimba ndiye awapangie mwendo.

Tazama waliotutangulia. Februari 2, 1974, mjini Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi alishika uongozi tangu mwanzo na hakuna aliyemfikia: mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola muda ule haukuvunjwa hadi mwaka 2022, miaka 48 baadaye. Gidamis Shahanga alichukua dhahabu ya marathoni Edmonton mwaka 1978. Suleiman Nyambui alirudi na medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow mwaka 1980, na Bayi mwenyewe akarudi na fedha ya mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Juma Ikangaa alishinda New York mwaka 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Saa za kwanza za Garmin Forerunner, zilizopokea mawimbi ya setilaiti na kumwambia mkimbiaji umbali wake, zilitoka mwaka 2003. Medali zote hizo zilikuwa zimeshavaliwa.

Kabla yao alikuwepo John Stephen Akhwari. Oktoba 1968, Mexico City, mji ulio juu zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, alianguka njiani, goti likaumia, akafungwa bendeji, akaendelea. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alimaliza kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baadaye, kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27, wa mwisho katika waliomaliza, jua likiwa limeshazama. Ukiupima mkimbio ule kwa tarakimu peke yake, ni mkimbio mbaya. Hakuna Mtanzania anayeupima hivyo.

Simtaji Akhwari ili kudharau vipimo. Septemba 15, 2025, Tokyo, Alphonce Simbu wa Singida aliipatia Tanzania dhahabu ya kwanza katika historia ya mashindano ya dunia ya riadha. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani wote waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Picha ya mstari wa mwisho ndiyo iliyowatenganisha, kwa sehemu tatu kati ya mia za sekunde, baada ya kilomita 42 na mita 195! Simbu alikuwa nyuma hatua za mwisho kabisa na hakukubali. Mtu wa kiwango hicho anahitaji kila kipimo anachoweza kukipata, maana sehemu hizo tatu za mia za sekunde hukusanywa mazoezini, kidogo kidogo, kwa miaka. Hapo ndipo kifaa kinapoingia kwa heshima. Swali lako wewe wa Kivinje, wa Mchinga, wa Mitwero, ni kama umefika mahali ambapo dakika zako zinahitaji kuandikwa.

Basi tuseme saa inafanya nini hasa. Juu yetu, kimo cha kilomita zipatazo 20,200, zinazunguka setilaiti za GPS, thelathini na kitu. Kila moja inatuma ujumbe wenye saa yake ndani. Kifaa chako kinapokea ujumbe kutoka setilaiti nne au zaidi, kinapima tofauti ndogo sana za muda, kinajua uko wapi. Kinarudia kazi hiyo kila sekunde, kinaunganisha nukta, kinapata umbali na kasi. Kazi hii haihitaji bando hata kidogo, kwa kuwa ni kupokea tu. Na simu ya tachi iliyoko mfukoni mwako ina kipokezi cha namna hiyohiyo. Programu kama Strava, iliyoanza mwaka 2009, inarekodi mbio bila malipo. Intaneti unaihitaji ukirudi nyumbani tu, kama unataka kuhifadhi au kuwaonyesha wenzako. Kama una simu hiyo, tayari una nusu ya saa ya laki sita. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki isiingie jasho, ishike mkononi au ivae kiunoni, utoke.

Mwenye kiswaswadu naye asibaki nyumbani. Barabara kuu ina nguzo za kilomita. Uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68 ukiuzunguka pembeni mwa chaki ni mita 346, kwa hiyo mizunguko mitatu ni kilomita moja na kidogo. Pale Lindi mjini upo Uwanja wa Ilulu. Vijijini kuna kiwanja cha shule. Mtafute dereva wa bodaboda ambaye mita ya pikipiki yake inafanya kazi, mlipe akupimie njia yako mara moja, umbali huo hautabadilika tena. Muda utaupata kwenye saa yoyote ya dijitali. Casio F-91W imeuzwa tangu mwaka 1989, inapima hadi sehemu ya mia ya sekunde, na betri yake inakadiriwa kukaa miaka saba. Mapigo ya moyo utayahesabu kwa vidole viwili shingoni: sekunde 15, zidisha kwa nne. Daftari la mtoto la shule linatosha kuandika tarehe, umbali, muda na jinsi ulivyojisikia. Nasisitiza daftari, maana hapo ndipo saa ina nguvu kuliko sisi: haisahau. Sisi tunasahau, tunajidanganya kwamba wiki iliyopita tulikimbia mara nne kumbe ni mara mbili. Mwenye daftari la miezi sita hadanganyiki.

Sasa nizungumze na yule aliyekwisha kufanya hayo yote. Umekimbia kaskazi na kusi, una daftari, simu imeanza kukuchosha mkononi, na kuna jambo unataka kulijua ambalo daftari haliwezi kulijibu. Labda umejiwekea lengo la Kilimanjaro Marathon, inayofanyika Moshi kila mwaka mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi tangu mwaka 2003. Mtu wa Kilwa anayejiandaa kwa mbio zile anafanya mazoezi yake magumu Desemba na Januari, katikati ya joto la kaskazi, kisha anakwenda kukimbia kwenye miinuko ya chini ya Mlima Kilimanjaro ambayo pwani haina mfano wake. Anahitaji kujua mwendo wake wa kilomita baada ya kilomita, ajizuie mwanzoni, abakize nguvu ya kupanda. Mtu huyu namwambia bila kusita: nunua, ukiweza kulipa bila kugusa ada wala mbegu ya msimu ujao. Itajilipa.

Namwambia hivyohivyo dada mwenye dakika arobaini tu. Ameswali alfajiri, watoto hawajaamka, ana muda mfupi wa kukimbia na wenzake wawili barabara ya Masoko kabla ya kurudi kuwaandaa na kwenda kazini. Dakika zake ni haba kuliko za kijana asiye na familia, kwa hiyo kila moja inastahili kutumika vizuri. Saa inayotetemeka mkononi kumwambia dakika mbili za kasi zimeisha, sasa moja ya polepole, inampa mazoezi kamili bila kushika simu na bila kuangalia kitu gizani. Wanaume wanaodhani vifaa vya michezo ni mambo yao peke yao wajue hivi: kwenye nyumba yenye mkimbiaji mmoja wa kike mwenye nidhamu, pesa ya saa ielekee kwake.

Lakini ukinunua, nunua kwa ajili ya pwani hii, usifuate sifa zilizoandikwa kwa ajili ya miji ya mbali. Utaambiwa uongeze pesa upate saa inayopokea masafa mawili ya setilaiti kwa wakati mmoja. Teknolojia hiyo ni ya kweli, na faida yake kubwa ni kati ya maghorofa marefu na misitu mizito, ambako mawimbi hugonga kuta na kurudi yamepotoka. Kutoka Nangurukuru kwenda Masoko hakuna ghorofa la kuziba setilaiti. Ufukweni mbingu yote iko wazi kutoka Kilwa Kisiwani hadi upeo wa macho. Saa ya masafa ya kawaida itakosea kidogo tu. Kama masafa mawili yamo ndani ya bei ileile, vizuri. Kuyalipia laki nzima zaidi ni kununua jawabu la tatizo ambalo huna.

Kioo chenye rangi nyingi kinachong'aa kinapendeza. Mimi ningetazama chaji kwanza. Forerunner 165 inatajwa kukaa hadi saa 19 za kurekodi mbio, Pace 3 hadi saa 38. Kwa anayekimbia saa tano kwa wiki, hiyo ni wiki tatu na zaidi kwa ile ya kwanza ukihesabu mbio peke yake, ingawa matumizi ya kila siku yatapunguza. Umeme ukikatika siku mbili Somanga, saa yako bado iko hai. Jambo la pili ni waya. Saa nyingi hizi huchajiwa kwa waya wa kampuni yenyewe, siyo ule wa simu, na ukipotea Lindi hutaupata duka la jirani. Agiza nyaya mbili siku unaponunua. Jambo la tatu ni chumvi. Maandishi ya ATM 5 yana maana kwamba saa inavumilia kuogelea, na hilo ni kweli, lakini chumvi ikikauka kwenye vituo vya chaji inavila chuma taratibu, na mchanga chini ya mkanda unachubua ngozi. Kila ukitoka baharini au jasho likikauka, isuuze kwa maji baridi ya bomba au ya kisima, ikaushe, ndipo uichaji. Anayeacha kufanya hivyo atakuja kulaumu kiwanda bure.

Na hapa unanunua wapi? Wengine huagiza kwa ndugu anayetoka Dubai au Muscat, wengine hupanda basi hadi Kariakoo. Njia zote mbili zinafaa, mradi saa iwashwe mbele yako, iunganishwe na simu yako, na namba yake ya usajili ikubaliwe na programu ya kampuni. Feki huanguka kwenye hatua hiyo. Muulize muuzaji wazi dhamana inatimiziwa wapi, maana saa ikiharibika Kilwa itabidi isafiri mamia ya kilomita kutafuta fundi anayeijua. Ukinunua iliyotumika, angalia betri inashuka kiasi gani kwa saa moja ya kurekodi. Hilo linasema ukweli kuliko maneno.

Kuna jambo la moyo ambalo lazima niliseme kwa upana, kwa sababu watu wameanza kuogopeshwa na mikono yao. Saa inapima mapigo kwa kuangaza taa ya kijani kwenye ngozi na kusoma jinsi damu inavyoibadilisha. Ngozi nyeusi hunyonya zaidi mwanga wa kijani, na watafiti waliochunguza kama hilo linaharibu kipimo wamepata majibu yanayotofautiana. Lililo wazi kabisa ni kwamba mkanda uliolegea, mkono unaorushwa na jasho jingi huharibu kipimo kwa kila mtu. Ikaze vizuri, juu kidogo ya mfupa wa kifundo cha mkono. Anayetaka uhakika anunue mkanda wa kifuani, unaosoma umeme wa moyo wenyewe. Na mpaka wa juu wa mapigo ambao saa inakuwekea mara nyingi umetokana na hesabu ya wastani, kama ile ya kutoa umri kwenye 220. Mtu mmojammoja anaweza kupishana na hesabu hiyo kwa mapigo kumi au zaidi. Usikubali kufungwa nayo.

Halafu joto. Kimbia Januari saa tatu asubuhi Kilwa Masoko, kisha kimbia njia ileile Julai upepo wa kusi ukivuma. Kasi ileile, mapigo tofauti kabisa. Kwenye joto na unyevu mwili unapeleka damu nyingi kwenye ngozi kujipoza, jasho linapunguza maji, moyo unalazimika kupiga haraka zaidi kufanya kazi ileile. Saa ikiona hivyo inaweza kukuambia uwezo wako umeshuka. Haujashuka! Umekimbia kwenye tanuri na umemaliza. Kaskazi ikikolea, acha tarakimu za kasi, fuata pumzi, toka mapema, kunywa maji, na ukijisikia kizunguzungu simama kivulini hata kama saa inadai bado dakika kumi. Joto hilo unalolivumilia sasa linafundisha mwili kutoa jasho mapema na kujipoza vizuri zaidi. Kusi ikifika utakimbia kama uliyeshushwa mzigo.

Kelele nyingine za saa zinyamazishe bila wasiwasi. Ile hesabu ya hatua 10,000 kwa siku haikutoka maabara. Ilitokana na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani kuanzia mwaka 1965, ambacho jina lake lilibeba namba hiyo. Ni lengo zuri, kwa nini isiwe, lakini usiku wa hatua 8,000 siyo usiku wa kushindwa. Ramadhani saa itakuona umeamka kula daku na itakuandikia usingizi mbovu. Haijui unachokifanya, wewe unajua. Kipimo kinachonishawishi zaidi ni cha Shirika la Afya Duniani, lililotoa mwongozo mwaka 2020: mtu mzima apate kwa wiki dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani, au 75 hadi 150 za mwendo mkali. Dakika 150 ni nusu saa mara tano. Kutembea kwa haraka kwenda sokoni kunahesabiwa. Kulima kunahesabiwa. Na mwenye presha asitegemee saa ya mkononi kumpa hali yake: aende zahanati, apimwe, amuulize mhudumu aanze kwa kiasi gani, kisha aanze.

Ufukwe nao una ratiba yake ambayo mvuvi anaijua kuliko kifaa chochote. Siku za bamvua, alfajiri utakuta bahari bado imejaa na mchanga mgumu uko chini ya maji. Yanakupwa kuelekea saa nne, wakati wanaokwenda pweza wanateremka miambani na jua limeshawaka. Siku hizo kimbilia barabarani. Maji mafu yakija, alfajiri inakuachia kipande cha kukimbilia. Chagua sehemu iliyo tambarare, maana ufukwe ulioinama unachosha goti la upande mmoja, na rudi kwa njia ileile uliyokwenda ili miguu yote miwili ibebe sawa.

Nimebakiza lile ninalolitamani zaidi. Klabu za jogging zipo karibu kila mji wa nchi hii, na za kwetu zimeshazoea kuchangishana: jezi, maji, usafiri wa kwenda kuitembelea klabu rafiki, rambirambi. Klabu ya watu 25 ikichangishana shilingi 25,000 kila mmoja inapata 625,000, na kwa mtindo wa mchezo au kikoba inaweza kulipwa kidogokidogo kwa miezi mitano, 5,000 kwa mwezi. Saa moja, ya watu wote. Ikabidhiwe kwa katibu, iandikwe kwenye daftari la mali za klabu. Wiki ya kwanza kazi yake ni kupima njia: kutoka sokoni hadi kilomita ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya tano, ya kumi. Kila njia ipimwe mara tatu, mchukue wastani. Mkipata ruhusa ya serikali ya mtaa, mtu mwenye kopo la rangi nyeupe apake alama ndogo kwenye jiwe la pembeni. Baada ya hapo hata mtoto wa darasa la nne anayekimbia peku anajua kilomita yake iko wapi, na mzee wa miaka sitini anayetembea na fimbo anajua leo amefika alama ya pili.

Kisha saa izunguke. Wiki hii ivaliwe na anayejiandaa kwa kilomita 21, wiki ijayo na dada anayefanya mazoezi ya kasi, wiki inayofuata na aliyetoka kujifungua na anaanza upya. Kila mmoja anakili muda wake kwenye daftari lake kabla ya kuirudisha. Baada ya mwaka mtajua nani kati yenu amefikia haja ya saa yake mwenyewe, na huyo akanunue akiwa na uhakika.

Sasa hivi, kabla mnada mwingine haujapita, mpigie simu mtu mmoja unayemjua anakimbia au anatamani kukimbia. Pangeni kesho, mkitoka msikitini au saa kumi na moja na nusu alfajiri, mahali ambapo nyote wawili mnaweza kufika kwa miguu. Nendeni dakika kumi, mrudi dakika kumi, mkiongea njia nzima. Keshokutwa pumzikeni. Siku ya tatu mrudie, na mumwalike wa tatu.